Picha Chungu Zikirudi Ukutani

Msikilizaji, picha ya mtu aliyedhalilishwa ina mpigaji wake, na mara nyingi mpigaji alisimama upande wa mdhalilishaji. Je, msanii akiichukua leo, anamkomboa aliyemo au anamwaibisha mara ya pili?

Msanii wa picha Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi, Kongo, mwaka 1978, alikutana na swali hilo mapema. Katika Mémoire, kazi yake ya awali ya mwaka 2006, alikata picha za enzi ya Ubelgiji, zile zisizo na rangi: wafanyakazi wa migodi ya Katanga waliopangwa mbele ya kamera, pamoja na mabwana zao. Akawasimamisha ndani ya picha za rangi alizopiga mwenyewe, za mitambo iliyochakaa ya Gécamines, kampuni ya migodi ya huko. Ghafla marehemu anaudai mgodi uliokula nguvu zake.

Hapa Kikole na Kilwa nzima, kusini mwa Tanzania, swali hili linatuhusu pia. Misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa ilishukia Kilwa Kivinje, na michoro ya mateka wenye makongwa shingoni tumeizoea vitabuni, bila kuuliza nani aliichora na kwa nini.

Kuificha si dawa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini kuibandika kama pambo ni dhuluma mpya. Baloji ameonyesha njia nyingine: mrudishe mtu pale alipoumizwa, kisha mwache mtazamaji ajiulize nani alifaidika.

Msanii kijana wa Kilwa, kabla hujashika mkasi, jiulize: huyu angekuwa babu yako, ungemsimamisha wapi?