Chipu Bila Antena ni Bubu



Mwaka 2020 na 2021, dunia ilipokuwa ikipambana na UVIKO-19, ulienea katika nchi nyingi uvumi kwamba ndani ya chanjo mlikuwa na chipu ya kuwafuatilia watu kutoka mbali. Walioamini hawakuwa wasiosoma peke yao. Kuwakebehi hakusaidii kitu; yafaa umma uelezwe jinsi vifaa hivyo vinavyofanya kazi, maana vifaa vyenyewe vipo, na vina manufaa.

Kifaa kidogo cha kupima hali ya mwili na kutoa habari bila waya kina kihisi kinachopima, chipu inayohesabu, na antena inayopokea na kupeleka mawimbi. Viwili vya kwanza hupunguzwa ukubwa mwaka hata mwaka. Antena ndiyo kaidi, kwa kuwa hutii wimbi. Ili ifanye kazi vema hupaswa kukaribia robo au nusu ya urefu wa wimbi lake. Wimbi la gigahezi 2.45 lina urefu wa sentimita 12 hivi; robo yake ni sentimita 3.

Kampuni ya Hitachi ya Japani ilishindana na kanuni hiyo. Mwaka 2001 ilitangaza chipu ya mraba wenye upande wa milimita 0.4, iliyohitaji antena ya nje. Mwaka 2003 wahandisi wake wakaichora antena juu ya chipu yenyewe. Ikafanya kazi, lakini kisomaji kilipaswa kukaribia kuigusa. Si ajabu: robo ya wimbi ni zaidi ya mara 70 ya upande wa chipu ile, na silikoni nayo humeza sehemu ya nguvu. Mwaka 2007 kampuni hiyo ikaonyesha chipu ndogo kama vumbi, ya milimita 0.05. Hiyo ingepita katika tundu la sindano bila taabu. Lakini bila antena ya nje ingekuwa bubu.

Yupo atakayeuliza kwa nini wimbi lisifupishwe. Hufupishwa. Katika gigahezi 60 wimbi ni milimita 5 tu, na antena yake hukaa juu ya chipu kwa raha. Ila mwili umejaa maji, na sehemu kubwa ya nguvu ya wimbi hilo humezwa na ngozi ndani ya milimita moja.

Kifaa cha FreeStyle Libre, kilichoanza kuuzwa Ulaya mwaka 2014, hakikufichwa mwilini. Ni kisahani cha milimita 35 kinachobandikwa mkononi kwa siku 14, uzi mwembamba wa kihisi ukipima glukosi chini ya ngozi. Antena yake ni koili inayozunguka kisahani, na kisomaji hupitishwa sentimita chache juu yake. Mgonjwa wa kisukari huepushwa kuchomwa kidole mara nyingi kwa siku. Hiyo si faida ndogo.

Kuhusu siri za watu, lipo jambo la kuuliza, nalo huanzia kwenye kisomaji. Simu ikitumika kusoma, vipimo huweza kusafirishwa hadi kompyuta za kampuni zilizo nchi nyingine, ambako antena ya milimita 0.4 isingevifikisha kamwe. Idhini ya safari hiyo hutolewa na mgonjwa mwenyewe, kwa kubonyeza kitufe chini ya masharti marefu ambayo ni wachache wanaoyasoma.