Meza ya Mwenye Kazi

Fungueni madaftari, tuanze somo.

Wewe ni fundi wa Bunda au Butiama. Umepata mkataba wa kupaka rangi ofisi mjini Musoma. Mwenye kazi ana amri: kila jioni meza ziwe tupu, karatasi zifungiwe kabatini. Je, amri hiyo yakuhusu wewe usiye karani wake? Yakuhusu, ikiwa imo katika mkataba. Basi usome kwanza, ndipo utie sahihi.

Sababu yake si usafi tu. Karatasi zina majina, simu na mishahara ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka habari hizo zilindwe. Orodha ya vibarua wako nayo ni ya namna hiyo.

Sasa fanya hivi. Ukikuta karatasi mahali pa kazi yako, usiziguse. Mwite karani aziondoe. Vipimo na risiti zako weka mkobani, uende nazo. Hati ya madai usiiache mezani, kwa maana mfagiaji akiitupa, utadai kwa ushahidi gani? Mkabidhi karani mkono kwa mkono, atie sahihi na tarehe katika daftari lako. Nakala ibaki kwako.

Zoezi: Andika sentensi mbili za kumwomba mwenye kazi sanduku lenye kufuli.

Kwaherini, ndugu.