Saikolojia na Mtoto wa Madrasa



Ndugu zangu katika imani, nanyi wazazi wetu, nimeombwa nizungumze juu ya kozi ninayosoma chuo kikuu, saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mienendo ya mwanadamu. Najua kwa nini. Wengi wenu mmeniuliza baada ya tarawehe: je, kozi hii haiwaharibii vijana imani?

Swali lina haki yake. Mapema tu unakutana na Sigmund Freud, ambaye katika kitabu alichokitoa 1927 alidai kuwa dini ni dhana inayozaliwa na matamanio ya mwanadamu. Kijana wa madrasa akisikia hayo, ama hujikunyata kimya, ama hubeba yote kwa kuwa yamesemwa na msomi. Mimi nasema: inua mkono umuulize mhadhiri, hili lilipimwa vipi? Kozi yenyewe ndiyo inayokufundisha kutenga lililopimwa na maoni ya mtu, na dai lile la Freud halikutoka kwenye jaribio lolote.

Sasa tazama upande wa pili. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alihifadhi silabi zisizo na maana, kisha akapima alivyosahau. Baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ilikuwa imempotea! Akaona pia kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa kunashika kuliko kurudia mara nyingi siku moja. Wenzangu waliandika, mimi nilicheka kimoyomoyo. Aliyehifadhi hata juzuu moja hajui hilo? Maalim hakukuruhusu uende mbele kabla ya kudurusu ya jana na ya juzi.

Tukifika kwenye magonjwa ya akili, kila mwanafunzi hujiona anayo yote. Leo ana wasiwasi, kesho sonona, na akija likizo anaanza kumpima mamake na shangazi zake. Mvumilieni jamani, shahada ya kwanza haimfanyi mtu tabibu.

Ila somo hilo ndilo lililonigusa zaidi. Mitaani kwetu mtu akinyong'onyea, halali, hali, hataki watu, neno la kwanza ni jini, au imani yake haba. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki 934, aliandika kitabu juu ya siha ya miili na nafsi pamoja. Huzuni aliigawa mbili: yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na isiyojulikana sababu yake, ambayo alisema chanzo chake kimo mwilini, basi itibiwe kwa dawa za mwili. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita! Darasani sikumsikia. Nilimjua kupitia Malik Badri wa Sudan, aliyefariki 2021, ambaye kitabu chake cha 1979 kiliwaonya wanasaikolojia Waislamu wasiige nadharia za Magharibi kibubusa. Naye hakuikimbia fani hii. Aliisomesha maisha yake yote.

Basi mzazi ambaye mwanao ameijaza kozi hii kwenye fomu, usimfutie. Na kama nyumbani kwenu yuko mtu ambaye wiki nyingi sasa hatoki chumbani, msomeeni Qur'ani usiku, na asubuhi mpelekeni hospitali.

Wabillahi tawfiq.