Shada la Mkono na Kahawa Iliyo Mtini

(Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, wilaya za Karagwe na Kyerwa)



Katika ushirika mazungumzo aghalabu huwa juu ya mizani, stakabadhi na malipo. Huenda baadhi ya wasikilizaji wakastaajabu kwamba maelezo haya yanahusu shada: lile ambalo mzazi humvika mwanawe shingoni siku ya mahafali, au ndugu humvika bibi harusi. Lakini shada hilo lina njia yake ya kufika shambani, na njia hiyo hupitia butura.

Butura haihitaji kuelezwa kwa mkulima wa Kagera. Ni kule kuuza kahawa ikingali maua au matunda mabichi mtini, kwa bei anayoitaja mnunuzi, kwa kuwa muuzaji ana shida ya fedha siku ile ile. Viongozi wa mkoa wameikataza mara nyingi, vyama vimeikemea mikutanoni, nayo hurudi. Kinachowasukuma watu huko si maradhi na ada ya shule peke yake. Mara nyingine, ingawa watu huona haya kulitamka, ni sherehe. Mzazi amemsomesha mtoto hadi kidato cha nne. Mahafali yanakaribia, na majirani watakuja na mashada ya karatasi za kumetameta yaliyonunuliwa Kayanga au Omurushaka. Yeye akienda mikono mitupu ataonekanaje? Basi shada, keki, nguo mpya na gari la kukodi hujumlishwa pamoja, na mibuni kadhaa huhesabiwa kuwa ya mtu mwingine. Msimu ufikapo na kahawa ikapelekwa mnadani kupitia chama, mzazi huyo huwa mtazamaji. Amepalilia, amechuma, ameanika, lakini kilo si zake.

Hakuna asemaye kwamba shada moja ndilo lililomwuzisha mtu kahawa. Lakini katika orodha ile ya matumizi, shada ndicho kitu ambacho mzazi aweza kukiondoa kwa mikono yake mwenyewe bila kumwaibisha mtoto. Tena shada la dukani hupukutika kabla ya kufika nyumbani, na lililosukwa na mama au shangazi hutundikwa ukutani kwa miaka.

Ama kazi yenyewe, kila aliyewahi kubeba mtungi wa maji amekwisha kujifunza nusu yake. Mviringo wa shada ni ngata iliyopanuliwa, ile ngata ya majani ya mgomba iwekwayo kichwani chini ya mzigo. Tofauti ni kwamba ngata hufungwa kwa haraka njiani, na shada hufungwa kwa subira.

Huchukuliwa maganda makavu ya nje ya mgomba uliokwisha kukatwa ndizi yake. Ya nje huwa ya hudhurungi iliyoiva, ya ndani huelekea rangi ya maziwa. Rangi hizo mbili zatosha kabisa. Hapa pana onyo. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliingia mkoani Kagera katikati ya miaka ya 2000, nao husafiri kwa kisu kichafu na kwa sehemu za mgomba mgonjwa. Maganda yasitolewe katika shamba lenye dalili, yasihamishwe yangali mabichi, na kisu kipitishwe motoni kabla ya kuingia shamba jingine. Anayependa ukindu au mafunjo ya bonde la Kagera naye akumbuke kwamba Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe ni Hifadhi za Taifa tangu mwaka 2019. Zawadi isimpeleke mtu mahakamani.

Maganda hunyunyiziwa maji jioni na kufunikwa kwa gunia hadi asubuhi, kwani yakiwa makavu hukatika yakisukwa. Hupasuliwa vipande vya upana wa kidole. Fungu moja husokotwa kuwa kamba ya unene wa kidole gumba, ndefu kiasi cha kuzunguka shingo na kushuka hadi kifuani, na kichwa kipite bila kusukumwa. Ncha mbili hupishana upana wa kiganja na kufungwa kwa uzi wa mgomba. Hapo ndipo mashada mengi ya wanaojifunza hufungukia, kwa hiyo fundo lirudiwe mara mbili. Kisha kamba yote huvingirishwa kipande cha rangi ya maziwa, na maua hupachikwa juu yake. Ua hufanywa kwa kukunja kipande kimoja kukizunguka kidole, tabaka juu ya tabaka, na kukibana shinani kwa uzi.

Wapo watakaovutiwa na maua ya mbuni yenyewe, meupe na yenye harufu kama asumini. Yasiguswe. Kila ua likishika huwa tunda moja, kwa kawaida lenye punje mbili, na likichumwa hunyauka upesi. Anayeyachuma kwa ajili ya shada amejifanyia butura mwenyewe, tena bila kulipwa. Kahawa ya maganda, iliyokauka vizuri, ni jambo jingine: matunda kumi yaliyotungwa kwa sindano hayamfilisi mtu, na Kagera, ambako mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, kila mtu huelewa maana yake.

Liko neno kwa makatibu. Chama kikiwa na mkutano mkuu wa mwaka hupenda kumvika mgeni rasmi shada. Mkaguzi akifungua daftari la fedha, hukuta hati ya malipo imeandikwa «maandalizi ya mgeni», haina stakabadhi ya duka, na fungu lenyewe halimo katika makisio yaliyopitishwa na wanachama. Kiasi huwa kidogo, lakini hoja ya ukaguzi ni hoja, na katibu ndiye atakayesimama kuijibu. Chama kinachotaka kumwenzi mgeni, au mtumishi anayestaafu, kiweke fungu katika makisio, kinunue kwa wasusi ambao ni wanachama, nao watie sahihi. Wasiombwe kusuka bure kwa kuwa tu ni wanawake; kilo zao za kahawa hazipimwi bure.

Wakati wa mvua maganda hukauka polepole na kuota ukungu. Kwa hiyo anayetaka shada la mahafali ya Oktoba ayakusanye mwezi Agosti, jua likingali kali, ayaanike kivulini, na shada likikamilika alitundike chumbani, mbali na moshi wa jikoni na mahali panya asipofika.