Majina yabaki, namba zifichwe

Makamanda, kila tukimaliza kongamano tunapandisha mtandaoni orodha nzima ya mahudhurio: jina, kata, namba ya simu, barua pepe. Tunaita uwazi. Uwazi wa nini sasa? Mwananchi ana haki ya kujua nani alikaa kikaoni na kiliamuliwa nini. Namba yako haimsaidii kitu. Inamsaidia tapeli wa "ile hela tuma kwa namba hii", ambaye sasa anakujua hadi jina na chama.

Na msidanganyane kwamba kuandika "at" badala ya @ inatosha. Programu zinazokusanya anwani zimeshauzoea ujanja huo siku nyingi.

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa itumike kwa lengo lililokusanyiwa. Aliyesaini daftari alithibitisha amefika ukumbini, basi. Tutaibanaje serikali kuhusu faragha huku wenyewe tunamwaga namba za wanachama?

Napendekeza hivi: daftari kamili abaki nalo katibu, mtandaoni yaende majina na kata tu. Orodha za zamani zishushwe wiki hii, tuanze na ya mabinti, maana wao ndio wanaopigiwa usiku.