Rangi za Bawa la Kipepeo

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya haya, ndugu Waislamu wa Musoma, Bunda na Butiama, nanyi mnaotusikiliza majumbani, tunakuusieni, nasi tukijiusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Katika Surat Faatir, aya ya 27 na ya 28, Mola wetu anataja rangi mbalimbali za matunda, za majabali, za watu na za wanyama, na papo hapo anawataja wenye elimu kuwa ndio wamchao. Basi rangi ni jambo la kutafakariwa.

Mtoto akimshika kipepeo, vidoleni hubaki unga. Unga ule ni vigamba, vilivyopangwa juu ya bawa safu kwa safu kama vigae vya paa, kila kimoja urefu wake yapata sehemu ya kumi ya milimita. Vikipukutika haviti tena mahali pake, wala havioti vingine. Mchezo ule ni maudhi kwa kiumbe, na tuwakanye watoto wetu.

Weusi wa bawa hutokana na rangi iliyomo ndani ya kigamba, mithili ya nguo iliyotiwa rangi. Samawati ing'aayo, aghalabu, ina siri nyingine. Nendeni pale Mwigobero mkatazame mafuta ya mashua yaliyotanda juu ya maji ya ziwa. Mafuta yenyewe hayana wekundu wala ukijani, lakini utando wake ni mwembamba mno. Nuru irudiyo kutoka juu ya utando hukutana na ile irudiyo kutoka chini yake, baadhi ya rangi zikatiana nguvu na nyingine zikafutana. Kwa njia iliyo karibu na hiyo, umbo la kigamba huichagua rangi.

Yuko kipepeo wa Afrika Mashariki, mweusi mwenye mkanda wa samawati iliyoelekea ukijani, ambaye wataalamu humwita Papilio nireus. Kiwavi wake hula majani ya michungwa na milimau. Mwaka 2005 Peter Vukusic na Ian Hooper wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walieleza kwamba vigamba vya mkanda ule vina vitundu vidogo mno, na rangi inayomeza miali tusiyoiona kwa macho yetu, kisha ikaitoa kuwa nuru ionekanayo. Na chini yake mna matabaka yaliyo kama kioo, yanayoirudisha juu nuru iliyotaka kupotelea chini. Mafundi wa taa za umeme huko Marekani walifikia mpango unaofanana na huo mwaka 2001 tu!

Wapo vijana wetu wanaorudi shuleni wakidhani kwamba kitu kikishaelezwa, Muumba hana tena nafasi. Na wapo wazazi ambao, kwa kuliogopa hilo, huwakataza watoto kuuliza. Wote wamekosea, na kosa la wazazi ndilo zito zaidi, kwani ndilo linalolizaa lile la vijana. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki yapata mwaka 1040, aliichunguza nuru kwa majaribio, na kitabu chake kikatafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya. Hakuambiwa achague baina ya nuru na Mola wake.

Mtoto akiuliza, mjibuni mnalolijua. Msilolijua, mpelekeni kwa mwalimu wake wa sayansi, kisha mje naye madrasa.

Tunasema kauli yetu hii, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie, sisi nanyi.