Dalili za Hatari kwa Mtoto Anayetumia Dawa za Afya ya Akili



Mtoto aliyeanzishiwa haloperido juzi anaweza leo kupinda shingo, macho yakageukia juu, taya likakaza na ulimi ukatoka nje. Anasikia na anaogopa, ila hawezi kusema. Huku mteremkoni, kuanzia Kibosho hadi Marangu, ni rahisi hali hiyo kudhaniwa kuwa pepo au degedege. Kumbe ni misuli iliyokazwa na dawa. Huwapata zaidi watoto na vijana, hasa siku za mwanzo, na sindano ifaayo huwapa nafuu upesi.

Zipo dalili nyingine zisizongoja kupambazuke.

Ya kwanza ni homa kali pamoja na mwili kukakamaa, jasho jingi na kuchanganyikiwa. Wengi hufikiria malaria. Ipimwe, lakini mhudumu aambiwe bila kificho kwamba mtoto anatumia dawa za akili, kwani hali hii huweza kuua.

Ya pili ni vipele, malengelenge, au vidonda vya mdomoni na machoni kwa anayetumia kabamazepini, hasa katika miezi miwili ya mwanzo.

Ya tatu ni mtoto anayetumia fluoksetini kukosa utulivu kupita kiasi, kutolala au kutamka kwamba anataka kufa. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kuhusu hatari hiyo liwekwe kwenye dawa za sonona. Mtoto wa namna hiyo asiachwe peke yake.

Dalili hizi zikitokea, dozi inayofuata isitolewe. Mtoto apelekwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu, ambacho kitampa rufaa kwenda Mawenzi au KCMC ikibidi. Pakiti ya dawa na cheti viende pamoja naye. Mzazi amwombe mtaalamu apeleke taarifa ya madhara hayo kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Usingizi, kinywa kukauka au kunenepa ni mambo ya kuzungumza na daktari. Dawa isikatishwe ghafla kwa sababu hizo, maana ugonjwa huweza kurudi kwa nguvu.

Familia nyingi huzificha dawa hizi kwa kuogopa maneno ya majirani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Bibi anayebaki na mtoto, na mwalimu wake, wajulishwe: wao ndio watakaoiona shingo ikipinda.